Maharagi ya Mukopo

Walisema sitaweza. Papa Ndoole, jirani yetu wa Lushebere, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote: mtoto aliyesomea kwenye maharagi, siku ya mtihani atapika. Wengine walisema kwa upole zaidi, lakini maana ilikuwa ile ile. Mtoto hana ubao, hana daftari, hana benchi, mama yake mwenyewe aliishia mwaka wa tano wa shule ya msingi; huyo atafika wapi? Nimefika. Nina diplome ya Serikali, nina lisansi, shahada ya chuo kikuu, ya kilimo niliyoipata Bukavu nikijilipia mwenyewe kwa kushona viatu barazani, na nimerudi Masisi kwa hiari yangu, wakati wenzangu wengi wenye vyeti vidogo kuliko vyangu walibaki mjini kusubiri kazi. Nina nyumba ya mabati na depo ya mbegu. Wakulima wakipita mlangoni wananiita Agronomu, na mimi siwakatazi.

Juu ya kabati la ofisi yangu, kando ya diplome niliyoitilia kioo, kuna duara la kutu. Ni alama ya kopo lililosimama hapo kwa muda mrefu. Nimelisugua duara lile kwa majivu na kwa sabuni, halitoki, na sasa nimeacha. Wageni huuliza palikuwa na nini. Huwa ninawaambia kwamba hapo palikaa shule yangu ya kwanza, nao hucheka wakidhani ni mzaha.

Ninyi wa rika langu mnaukumbuka mwisho wa kiangazi wa huko kwetu. Asubuhi ukungu unalala bondeni kama maziwa katika bakuli, na baridi inapita chini ya mlango na kukushika vifundo vya miguu. Majani ya malisho yamekuwa ya kahawia, ng'ombe wamekonda, na moshi wa watu wanaochoma takataka za mashamba unakaa kwenye nguo hadi Jumapili. Hakuna cha kupanda, hakuna cha kuvuna. Kila mtu anaangalia juu, upande wa Walikale, ambako mvua zetu hutoka. Ni wakati wa kungoja, na Mama aliona kwamba wakati wa kungoja ni mzuri wa kusoma.

Tulikuwa tumeshuka kutoka mlima wetu na vitu vya kubebwa kichwani tu, tukapewa kipande cha shamba pembeni mwa kijito. Baba alikuwa mbali kule Hombo, akibeba mizigo ya wafanyabiashara. Shule ya karibu ilikuwa imejaa familia zilizokimbia vita kama sisi na kulala ndani yake, na benchi zake zilikuwa zimekwisha kuwa kuni. Mimi nilikuwa na miaka sita. Dada yangu Riziki alikuwa na minane na alikuwa amesoma mwaka mmoja, jambo ambalo hakuniacha nisahau hata siku moja.

Jioni moja Mama alirudi kutoka kwa majirani na mbegu. Maharagi meupe yalikuwa yamefungwa katika jani la mgomba, kutoka kwa Papa Ndoole. Mekundu yalikuwa katika pembe ya kikwembe, kitenge alichojifunga, kutoka kwa Mama Furaha aliyekaa nyuma yetu. Na meusi, madogo, yenye kung'aa kama macho ya panya, yalikuja katika kopo la bati la maziwa ya unga, kutoka kwa Koko Mwamini, mwanamke mzee wa Itebero ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Koko hakuwa anapima kwa mizani wala kwa kuangalia. Alijaza kopo, akalitikisa karibu na sikio, akasikiliza, kisha akasema imeenea ao haijaenea, yaani imetimia ao bado. Hakuwahi kukosea, na watu walimletea mbegu zao awapimie.

Mapatano yalikuwa rahisi: baada ya kuvuna, kila mtu atarudishiwa rangi kwa rangi. Mama akayamimina yote katika lile kopo, akaliweka juu ya kijiwe karibu na kitanda, akatuambia mimi na Riziki: "Muisikie vizuri. Musicheze na hii maharagi. Musiitoshe mu kopo kama mimi siko. Ni ya mukopo."

Tulisema ndiyo, Mama, hatutayatoa.

Kesho yake shule ilianza. Tuliota moto hadi ukungu unyanyuke, kisha Mama akatandika mkeka nje, akamwaga maharagi, na tukaanza kuyatenga kwa rangi. Hilo lilikuwa somo la kwanza, na hadi leo ninapowafundisha wakulima wangu ninaanza hapo hapo, kutenga. Tukahesabu meupe kwa kumi kumi. Tukaandika herufi kwa kuyapanga mekundu juu ya mkeka. Lakini kabla ya kuiandika herufi, ilikuwa lazima kwanza tuione mahali inapoishi. Mama alitupeleka kijitoni kuiona U, yaani bonde lenyewe na kingo zake mbili. M ilikuwa milima miwili iliyotutazama ng'ambo. Y ilikuwa kijiti chenye panda ambacho maharagi yanapandia. Riziki, aliyejua herufi zote tangu shuleni, alisema hajawahi kusikia upuuzi kama huo, kisha siku hiyo hiyo akaja mbio kutuonyesha kwamba mdomo wa kopo ni O.

Maharagi meusi yalikuwa ya hadithi. Koko Mwamini alikuwa ametoka Itebero kwa miguu, mbegu zake ameshonea katika pindo la kikwembe, na njia yake ilikuwa na vituo tisa. Mama alizipata zile hadithi zote kwake. Aliweka harage moja jeusi mkekani: hapa Koko alilala penye mti mkubwa ulioanguka njiani, akasikia sokwe wakigombana. Harage la pili: hapa alivuka daraja la miti, akahesabu miti yake kwa nyayo kwa sababu haikuonekana chini ya povu. La tatu, la nne, hadi la tisa, ambalo lilikuwa Lushebere yenyewe, na mbwa aliyemfuata siku mbili akageuka akarudi. Tukifika tisa, Mama alisema: "Sasa mumurudishe Koko kwake." Nasi tukayatoa moja moja tukirudi nyuma, tisa, nane, saba, kupitia daraja, kupitia mti ulioanguka, hadi mlango wake wa Itebero. Ndivyo nilivyojifunza kuhesabu kinyumenyume kabla sijajua kwamba ni kitu kigumu.

Papa Ndoole alikuwa na desturi ya kupita na fimbo yake na kusimama.

"Mama Riziki, leo munasoma nini?"

"Tunasoma mbegu yako, Papa Ndoole."

"Iisome polepole, isichoke. Mi ninaitaka ikiwa na nguvu."

Siku moja Mama alichukua harage moja jeupe, akalifunga katika kitambaa kibichi, akaliweka karibu na moto. Baada ya siku tatu alikifungua. Harage lilikuwa limepasuka ngozi na kutoa mkia mweupe. Niliruka nyuma nikidhani ni funza. Mama alicheka akaniambia: "Harage ikiwa kavu, inalala. Haijakufa. Ni maji njo inaiamushaka. Mvua ikifika, yote itaamuka siku moja."

Niliyaweka maneno yale moyoni. Na mvua haikufika. Mawingu yalipanda upande wa Walikale, yakatutazama, yakageuka. Kila jioni nilimsikia Mama akimwambia Riziki, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba mvua ikizidi kukawia hatujui Noeli tutaila na nini. Nilikuwa na miaka sita, na nililiona jambo wazi kuliko watu wote wa kilima kile. Mvua imechelewa, maharagi yamelala, na maji tunayo. Aidha, sikuwa nimekatazwa. Mama alisema tusiyatoe. Alisema ni ya mukopo. Na kwetu, kama mnavyojua, kitu kilicho ndani ya kopo kiko mu kopo. Kwa masikio yangu Mama alikuwa amesema kwamba makao ya maharagi yale ni ndani ya kopo, wala si mahali pengine. Basi sikuyatoa. Nilileta maji ya kijito katika kibuyu, nikajaza kopo hadi juu, nikafunika kwa jani la mgomba, nikakaa kimya na siri yangu.

Siku mbili zile Mama alikuwa akilima kipande chetu ili kiwe tayari, na hatukusoma. Siku ya tatu alirudi na jasho lake, akasimama katikati ya nyumba, akanusa. Ilikuwa harufu ya muhogo ulioloweshwa ukasahauliwa. Hadi leo, gunia likilowa katika depo yangu na harufu ile ikitoka, ninageuka kumtafuta Mama kabla kichwa hakijajua ni kwa nini.

Mama alifunua kopo. Povu lilikuwa limepanda hadi mdomoni.

"Nani aliweka maji huku ndani?"

"Ni mimi, Mama."

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema tusiitoshe. Sikuitosha."

"Nilisema ni ya mukopo."

"Njo iko mu kopo, Mama. Angalia."

Alinitazama. Mdomo wake ulitetemeka, nikajua napigwa. Badala yake alicheka, akacheka hadi akakaa chini, akajifuta macho kwa kikwembe. Kisha kicheko kikaisha na yeye akabaki pale pale chini, mkono shavuni, akilitazama lile kopo. Afadhali angenipiga.

Riziki ndiye aliyenivuta nje akanieleza. "Si mu kopo, mujinga. Mukopo. Ni deni. Ile mbegu ni ya bantu." Akanihesabia kwa vidole: ya Papa Ndoole, ya Mama Furaha, ya Koko. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nyumbani kwetu hamkuwa na mbegu hata moja iliyokuwa yetu, na kwamba nilikuwa nimeziamsha za watu watatu katika ardhi isiyo na tone la maji.

Mama hakukaa sana. Alimwaga maji, akatandaza maharagi juu ya mkeka, akatuita. Tukatenga, kama siku zote. Mekundu mengi yalikuwa yamepasuka vizuri, na meupe pia. Meusi yalikuwa laini, na ukiyabonyeza mengine yalitoa uji. Leo ninaweza kuwaeleza sababu kwa maneno makubwa. Ngozi yake ni nyembamba, yalikosa hewa, yakazama. Siku ile niliona tu kwamba hadithi za Koko zilikuwa zinaoza mkononi mwangu.

"Zinaamuka, zinataka kula," Mama alisema. "Tunapanda leo."

Tulipanda katika vumbi. Papa Ndoole alifika na fimbo yake, akasimama, akatazama.

"Mama Riziki, mbegu yangu unaizika?"

Mama hakuficha kitu. "Papa Ndoole, mutoto aliiamusha mbele ya mvua. Sasa tunaibembeleza."

Mzee alinielekezea fimbo. "Ile shule yako," akamwambia Mama, "imeanza kutosha diplome." Akaenda zake, na nilimsikia akilirudia neno lile kwa kila aliyekutana naye hadi chini barabarani.

Basi shule ikahamia shambani. Asubuhi na jioni tulichota maji kijitoni kwa lile lile kopo. Kopo moja lilitosha mashimo matatu. Makopo mangapi kwa mashimo thelathini? Mama aliacha miguu yangu ijibu. Nilijifunza kugawa kwa sababu nilichoka, na nimekwisha kuwaambia wanafunzi wengi kwamba hakuna mwalimu wa hesabu aliye mkali kama kijito kilicho mbali. Kila siku Riziki alichora mstari kwenye shina la mgomba. Kulikuwa na mistari kumi na minne siku mawingu ya Walikale yaliposhuka kweli kweli, na tukasimama chini ya mvua hiyo, sisi watatu, midomo wazi, kopo juu ya kichwa cha Riziki likilia kama ngoma.

Mekundu yalisimama. Meupe yalisimama, ingawa kwa mapengo. Ya Koko yalitoka mashina matatu tu, na moja likaliwa na mbuzi.

Kabla ya mavuno Koko Mwamini alikuja kutuaga. Watu wa kwao walikuwa wamemtumia habari kwamba njia ni nzuri, naye hakutaka kungoja. Mama alimpeleka hadi kwenye yale mashina mawili, akamwambia yote. Koko aliinama, akayapapasa majani kwa vidole.

"Ni huyu njo aliyalowesha?" aliuliza, akageuza uso upande wangu.

"Ni yeye, Koko."

"Alitaka kuyaamusha?"

"Njo vile."

"Basi si mubaya. Ana haraka tu." Akachukua fimbo yake. "Utanirudishia, Mama Riziki. Mi siko na haraka."

Tulivuna. Mama alirudisha mekundu kwa Mama Furaha, na meupe kwa Papa Ndoole, ambaye aliyahesabu mbele yetu na kukuta yamezidi kwa kiganja kimoja. Shule ilipofunguliwa tena, mkurugenzi wake akaniuliza kama ninaweza kuhesabu hadi mia. Nilimuuliza: kwenda ao kurudi? Nilirudi, kutoka mia hadi moja, bila kupumua vizuri, na nikaingizwa mwaka wa pili moja kwa moja. Papa Ndoole alikuwa amesimama dirishani. Sikumwona akicheka.

Maharagi ya Koko yalikuwa kiganja kimoja. Mama aliyapanda kila msimu, pembeni, asiyachanganye na mengine. Tulipohama yalihama nasi, na miaka mingine yalipungua hadi nikadhani yamekwisha. Itebero haikuwa mahali ambapo mtu anafika tu apendapo, ndiyo maana deni lilibaki. Mama alifariki nikiwa Bukavu, katika mwaka wangu wa mwisho. Nilipofika, Riziki alinipa kopo, ndani yake maharagi meusi yasiyofika nusu. "Alisema nikuambie," dada yangu alisema, "hii ni ya mukopo." Tulitazamana tukacheka, na hapo tu ndipo tulipoweza kulia.

Niliyazidisha. Hiyo ndiyo kazi yangu, na ninaifanya vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Misimu mitatu, katika udongo niliouchagua mwenyewe, hadi nikapata gunia zima la maharagi meusi yenye kung'aa kama macho ya panya. Kopo nikaliweka juu ya kabati, kando ya diplome, liwe kumbukumbu yangu ya Mama. Kisha nikasikia kwa dereva mmoja wa malori kwamba kule Itebero yuko koko mmoja asiyeona, ambaye watu bado wanamletea mbegu azipime kwa sikio.

Nikamwambia Papa Ndoole kwamba ninakwenda. Amezeeka sana sasa, lakini ulimi haujazeeka. "Itebero? Na hivyo viatu? Agronomu, utarudilia Walikale ukilia."

Sikurudi. Nilikwenda kwa gari hadi lilipokwama, kwa pikipiki hadi ilipokataa, kisha kwa miguu, gunia kichwani mwa mpagazi na mfuko wangu mgongoni. Katika mfuko niliweka lile kopo, ili Koko alione na kucheka, kisha nirudi nalo ofisini. Njiani nilijikuta ninahesabu. Tisa, nane, saba. Daraja sasa ni la chuma. Mti ulioanguka sikuuona, bila shaka ulioza zamani, lakini njia ingali inapinda pale pale kana kwamba inauzunguka, na hakuna aliyeweza kuniambia kwa nini inapinda. Mimi nilijua.

Koko Mwamini alikuwa ameketi mlangoni akichambua ngazi, matunda ya mchikichi, kwa vidole. Nilipiga magoti, nikamwambia mimi ni mtoto wa Mama Riziki wa Lushebere.

"Ule wa kulowesha?"

"Njo mimi, Koko."

Nilimwambia yote. Diplome, lisansi, depo, mabati. Alisikiliza hadi mwisho kwa heshima. "Na Mama yako?" Nikamwambia. Aliiweka chini ngazi iliyokuwa mkononi. Kisha nikafungua gunia mbele yake, nikaushika mkono wake, nikauzamisha ndani ya maharagi hadi kwenye kiwiko. Aliyageuza, akayaacha yapite katikati ya vidole vyake, akarudia.

"Ni yenyewe," alisema. "Na kopo iko wapi?"

Nilidhani anataka kupima. Nililitoa katika mfuko nikampa. Alipitisha kidole mdomoni mwa kopo pote, akatafuta chini hadi akapata kibonyeo kidogo ambacho mimi, mwenye kulitazama miaka yote ile, sikuwahi kukiona.

"Mume wangu njo aliiangusha hapa ku jiwe, siku tulioana," alisema. "Nilimuambia Mama yako: maharagi na kopo, yote ni ya kurudisha. Nilijua hatasahau."

Nililikumbuka kabati langu, na mahali penye duara. Nililikumbuka pia neno la mwisho la Mama, ambalo mimi na diplome zangu tuliliona kuwa mzaha wetu wa utotoni.

Koko alichota maharagi hadi juu, akafunika kwa kiganja, akaliinua kopo hadi sikioni na kulitikisa mara moja. Akasikiliza. Akalitikisa tena, kwa sikio la pili, bila haraka.

"Imeenea," alisema.

Kisha akaliweka katikati ya magoti yake, akalikumbatia, akasema kwa sauti ndogo, "Mukopo yangu," na sikujua, wala sitajua, kama alisema deni lake ao ndani ya kopo lake. Niliondoka Itebero mfuko ukiwa mwepesi, nikihesabu kwenda mbele: moja, mbili, tatu.